Kibali cha Kumwita Lugendo

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na siku ya kupanga foleni mimi nilikuwa naumwa magoti. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina mawaziri. Wanyama wake wanahesabiwa kila mwaka kwa ndege, mmoja mmoja, mpaka ndama. Sisi watu tunahesabiwa wakikumbuka.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye bonde la Mto Kibwedu. Siku moja wakubwa wakaja, wakapiga hema, wakatueleza kwamba bonde letu limepandishwa cheo. Tangu leo si bonde tena, ni Ardhi ya Wanyama ya Umma. Tukauliza umma ndiye nani huyo. Wakasema umma ni ninyi. Tukapiga makofi sana, wengine wakapiga vigelegele. Makofi yalipokwisha wakatuambia tuhame.

Jirani yangu Nyamizi, ambaye hajui kunyamaza panapostahili, akainua mkono. "Kama umma ni sisi na ardhi ni yetu, mbona tunahama?"

Mkubwa mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, ndiyo maana inaitwa ya umma. Ingekuwa ya kwako ungekaa."

Tukaona huyu amesoma. Tukabeba vyungu vyetu tukahamia ng'ambo ya barabara, kwenye mawe, mahali ambapo hakuna mnyama hata mmoja aliyewahi kutaka kukaa, na kwa sababu hiyo pakaonekana panatufaa.

Baada ya hapo ikaundwa Mamlaka ya Vibali na Matukio ya Nyikani, ili pasifanyike jambo lolote mle bila karatasi. Sitaki kuisema vibaya Mamlaka. Ilifanya kazi. Mashindano ya magari yalipata kibali, na vumbi lake likatufikia bure. Tamasha la injili lilipata kibali, na tembo wakapelekewa taarifa ya maandishi kwamba usiku ule kutakuwa na spika. Benki moja ilizindua kalenda yake mle ndani, mbele ya viboko. Warembo nao walishindania taji, ila twiga walisogezwa nyuma kidogo, maana wakisimama karibu warembo walionekana wafupi. Sisi tulitazama kutoka kwenye mawe yetu. Kutazama kulikuwa bado hakuhitaji kibali. Walisema kanuni zake zinaandaliwa.

*

Nyamizi alikuwa na mtoto mmoja, Lugendo. Mtoto nasema kwa mazoea; alikuwa mwanaume mzima, mrefu, akilala miguu inatoka nje ya blanketi na kuku wanaidonoa asubuhi. Mimi aliniita mchumba. Kila akipita mlangoni kwangu atauliza, "Mchumba, leo umenipikia nini?" Namjibu, "Nimekupikia njaa, lete mahari kwanza." Anacheka, anaingia, anakula. Ndivyo tulivyoishi naye.

Basi ikafika harusi ya binti wa Waziri wa Shughuli. Huyo binti alitaka aolewe nyikani, jua likiwa nyuma yake na pundamilia upande wa kushoto. Mamlaka ikatoa kibali kinene kama msahafu. Pundamilia walitafutwa. Vijana wa kijijini kwetu wakachukuliwa kubeba viti.

Viti vyenyewe vilikuwa vyeupe, vimevalishwa satini, na mgongoni vimefungwa tai kama wanafunzi wa shule za kulipia. Msimamizi akawaambia vijana, "Kiti kisiguse chini mpaka kifike mahali pake. Ardhi ni ya umma, lakini satini ni ya kukodi. Atakayechafua atanijua."

Wakiwa njiani, viti vichwani, nyati akatoka kichakani. Nyati huyo hakuwa na habari ya harusi. Baadaye ilielezwa vizuri kabisa kwamba tembo na twiga walikuwa wamejulishwa, ila nyati wako chini ya idara nyingine na barua yao ilikuwa bado inasubiri sahihi. Vijana wenzake walitupa viti wakapanda miti. Lugendo hakutupa. Waliokuwa mitini wanasema walimwona anageuka huku na huku, anatafuta mahali safi pa kuviweka.

Viti vilikutwa vyeupe kama vilivyotoka dukani.

Jioni redio ikatangaza kwamba harusi imefana na hakuna mgeni aliyedhurika. Ni kweli. Lugendo hakuwa mgeni. Walimleta nyumbani amefungwa kwenye kipande cha hema, na pembeni pake wakaweka boksi la keki, la kutufuta machozi. Tukamzika. Keki hatukujua tuifanyeje. Ilikaa juu ya jiwe mpaka sisimizi wakaja na kibali chao.

*

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa maana wengine mnaosoma ni wa mjini na huko watu wanafia hospitali.

Kwetu, mtu akifa nyumbani anazikwa, yamekwisha. Lakini anayeuawa porini ghafla, huzikwa mwili tu. Yeye mwenyewe hubaki pale alipoangukia, amesimama, anajiuliza watu wamekwenda wapi. Mama yake ndiye anayemfuata. Anakwenda na mbeleko ileile aliyombebea utotoni. Ndiyo maana kwetu mbeleko haigeuzwi dekio hata ichakae vipi. Anaitandika chini pale pale, anamwita, kisha anaifunga mgongoni na kumrudisha nyumbani. Njiani hasemi na mtu wala hageuki nyuma, maana amebeba aliyelala. Na mbeleko haifunguliwi mpaka imefika kitandani kwake. Ikifunguliwa njiani, mtoto ameteremka, na atabaki hapo alipoteremshwa.

Yote hayo yafanyike kabla ya mvua za kwanza. Mvua ikishafuta mahali, utamwita ukiwa umesimama wapi?

Kwa hiyo Nyamizi tangu siku ya mazishi hakufunga mlango. Tukimwambia mbwa wataingia, anajibu, "Mtoto yuko nje." Akatoa mbeleko kwenye sanduku, akaifua, akaianika. Ilikuwa ya kaniki, imeungwaungwa, na kwenye pindo moja ina tundu ambalo Lugendo alilitafuna alipokuwa anaota meno. Ilipokauka tukashika njia, mimi na yeye, mpaka getini.

Askari akatusimamisha. "Mna kibali?"

"Cha kumfuata mwanangu?" akauliza Nyamizi.

"Cha chochote, mama. Sisi hatuchagui."

*

Ofisi ya Mamlaka ni jengo refu lenye kichwa cha nyumbu ukutani. Nyumbu yule ana uso wa mtu aliyesubiri foleni. Tulipokelewa na bwana mmoja aitwaye Kalokola, Afisa Vibali, kijana mnene mwenye adabu, na namshukuru mama yake kwa malezi.

"Shikamooni, mama zangu. Karibuni, kaeni. Tukio lenu ni la aina gani?"

"Si tukio, baba," akasema Nyamizi. "Nakwenda kumchukua mwanangu."

"Kuchukua." Akaandika. "Hilo ni la biashara au la burudani?"

"Ni la msiba."

Kalokola akapekua kitabu chake, akalamba kidole, akapekua tena. "Msiba hatuna, mama. Tuna harusi, tuna michezo, tuna picha za sinema, tuna chakula cha jioni chenye mishumaa. Msiba tunaweza kuuingiza kwenye burudani isiyo na muziki. Kutakuwa na matarumbeta?"

"Hakuna."

"Vizuri. Kelele?"

"Nitamwita jina."

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo." Akaandika. "Mtaingia wangapi?"

"Wawili," nikasema mimi. "Yeye na mimi wa kumsindikiza."

"Na mtatoka wangapi?"

Nyamizi akajibu bila kufikiri, "Watatu."

Kalokola akaweka kalamu chini. "Mama zangu, hapo kompyuta itagoma. Wakitoka wengi kuliko walioingia, huo ni utoroshaji wa nyara za serikali."

"Mwanangu si nyara."

"Sijasema ni nyara, mama. Kompyuta ndiyo itasema." Akamtazama kwa huruma. "Yeye huyo wa tatu, aliingia kwa kibali gani?"

"Cha harusi ya waziri."

Basi akalitoa lile likibali nene, akatusomea. Bibi harusi alikuwemo. Bwana harusi alikuwemo. Wageni wote kwa majina na vyeo. Keki ilikuwemo na ghorofa zake. Hata njiwa wa kurushwa walikuwemo, na mmoja wa akiba. Lugendo hakuwemo.

"Mama," akasema Kalokola taratibu, "mwanao hakuingia."

"Amefia mle."

"Ndiyo, lakini kama hakuingia, amefiaje mle? Na tukisema aliingia bila kibali, basi ni mkosaji, na mkosaji anatakiwa afike hapa mwenyewe ajieleze."

Nikamwambia, "Baba, akifika hapa mwenyewe, sisi shida yetu si imekwisha?"

Kalokola akafikiri, akaona ni kweli, akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. Nyamizi hakucheka. Alikuwa anaangalia dirishani, upande wa milima, ambako wingu la kwanza la msimu lilikuwa limekaa kama mtu anayesubiri kuitwa.

*

Tulikwenda na kurudi mpaka mlinzi wa mlangoni akaanza kutusalimia kwa majina. Mara tuambiwe anayehusika yuko semina. Mara tuambiwe amerudi semina lakini amechoka. Mara nyingine tulikuta wanahamisha kichwa cha nyumbu kutoka ukuta huu kwenda ule, na kazi zote zimesimama kwa ajili hiyo. Kila tulipotoka Nyamizi alitazama juu kwanza kabla ya kutazama njia. Usiku, wananiambia majirani, alikuwa anakaa mlangoni akimsimulia Lugendo habari za ofisi, ili asidhani amesahauliwa.

Halafu asubuhi moja, kabla hata hatujakaa kwenye benchi, Kalokola akatoka mbio, shati limechomoka, uso unang'aa.

"Mama! Mama Lugendo! Tumempata!"

Nyamizi aliinuka. Ndugu zangu, aliinuka kama msichana, akachungulia nyuma ya mgongo wa yule kijana, akachungulia mlangoni alikotokea. Nikamshika mkono.

"Yuko wapi?"

"Huku!" Kalokola akafungua ukurasa. "Tulikuwa tunamtafuta kwenye watu. Kumbe yuko kwenye Vifaa! Ona, hapa, baada ya mahema, kabla ya majenereta: wabebaji. Na tena kuna sharti, mama, sikiliza: vifaa vyote viondolewe nyikani mara baada ya tukio. Kwa hiyo kama kuna kifaa kimebaki kule, si tu kwamba mnaruhusiwa kukiondoa. Mnatakiwa mkiondoe!"

Alifurahi kwa moyo wake wote. Nadhani alikuwa hapati usingizi kwa ajili yetu.

Nyamizi akakaa. "Kifaa," akasema.

"Ni neno la kiofisi tu, mama. Hata mimi hapa naitwa rasilimali."

"Nimemzaa usiku wa mvua, baba. Kifaa hakizaliwi."

"Najua, mama. Lakini ukiandika mtoto, sina pa kumweka. Ukiandika kifaa, unaingia kesho."

Akamsogezea karatasi na kidau cha wino. Iliandikwa kwamba yeye, aliyetia dole gumba hapa chini, anakiri kwamba kifaa kimoja kilichosahaulika ni mali ya tukio husika, na kwamba atakiondoa chote bila kuacha mabaki. Nyamizi akalitazama dole gumba lake muda mrefu, kama si lake.

"Nitie?" akaniuliza.

"Tia, mwenzangu," nikamwambia. "Karatasi ni yao. Mtoto ni wako."

Akatia.

*

Tungeondoka hapo hapo, lakini Mkurugenzi Mkuu, Daktari Rwezahula, alisema jambo zuri kama hilo lisipite kimya. Ikaandaliwa hafla ya kukabidhi kibali. Wakaja wapiga picha. Nyamizi akavishwa fulana ya Mamlaka yenye picha ya kifaru anayecheka, juu ya kanga yake ya msiba.

Daktari Rwezahula ana sauti ya mtu anayeongea na uwanja hata akiwa kwenye lifti. "Ndugu wananchi," akasema, "wapo wabeza maendeleo wanaodai kwamba nyika imefungwa kwa mtu wa chini. Waje leo! Waje wamtazame mama huyu! Ameomba, amepata. Mamlaka yangu ni sikivu. Mamlaka yangu haijawahi, na nasema haitawahi, kuacha kifaa nyuma!"

Makofi.

"Na kijana wake, ambaye hatunaye, tukumbuke kwamba naye ameshiriki. Wangapi miongoni mwetu watapata nafasi ya kutoa mchango wao wa mwisho katika utalii wa matukio? Wachache! Kwa hiyo msione mama analia. Hayo ni machozi ya mdau." Akamgeukia Nyamizi, akamsogezea kipaza sauti. "Mama, sema neno kwa Mamlaka."

Nyamizi akasema, "Naomba niende. Mvua inakuja."

"Ameshukuru," akasema Mkurugenzi, na watu wakapiga makofi tena.

*

Tuliingia kesho yake alfajiri, na askari mmoja wa kutuongoza, ambaye alikuwa anatafuna muwa na hakutusumbua. Kibali alikichukua yeye. Kilisema watu wawili, kwenda mara moja, kifaa kimoja, sauti isizidi ya ndege wa kawaida. Sikupata kuelezwa ndege wa kawaida ni yupi.

Kumbe bonde letu bado linatujua. Nilipita pale palipokuwa jiko langu, pana mafiga mawili. La tatu sijui amelichukua nani, labda nalo lina tukio. Mbele zaidi tukafika uwanja wa harusi. Vipande vya utepe mweupe vilikuwa bado vimenasa kwenye miiba, vinapeperuka. Hivyo havikuwa kwenye orodha ya kuondolewa, au vilikuwa vya mgeni.

Hakuna aliyemwonyesha Nyamizi mahali. Alitembea huku na huku, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akavua kandambili. "Hapa," akasema. Nyasi zilikuwa zimelala na hazijainuka.

Akatandika mbeleko. Akapiga magoti, akailainisha kwa kiganja, akatoa kijiti kilichokuwa chini yake kisije kikachoma. Yule askari akaacha kutafuna muwa.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimwita kama unavyomsikia mwanamke yeyote akimwita mtoto aliyenogewa na mchezo jioni, sauti si kubwa, imechoka kidogo na ina hasira ya uongo.

"Lugendo! We Lugendo! Umecheza vya kutosha sasa. Njoo, baba. Njoo mgongoni, twende nyumbani."

Upepo ukapita. Mimi sikuona kitu, na sisemi nimeona. Lakini nimebeba watoto saba mgongoni, najua mgongo wa mwanamke unavyofanya. Aliinama, akaivuta mbeleko juu, akafunga fundo kifuani, halafu akajirusha kidogo kwenye vidole vya miguu, ule mruko wa kumpandisha mtoto akae vizuri. Na alipoanza kutembea, alikuwa anatembea kwa uzito. Mikono ameipeleka nyuma, ameshikilia.

Hivyo tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma yake. Njia nzima nilikuwa naiangalia ile mbeleko, na nisiwafiche, nilisema kimoyomoyo, "Mchumba, umeturejea. Leo nitapika kweli."

*

Getini pana kizuizi, lile gogo lililopakwa nyekundu na nyeupe, linalopandishwa kwa kamba. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Koplo Asteria, mwanamke wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Alitusalimia vizuri, akapokea kibali kwa askari wetu, akakisoma chote. Nyika yote mle, nadhani yeye peke yake ndiye aliyewahi kukisoma chote.

"Watu wawili. Sawa. Kifaa kimoja." Akamtazama Nyamizi. "Mama, kifaa kiko wapi?"

Nyamizi alikuwa kimya, macho mbele, barabarani. Ng'ambo pale tuliona mapaa ya nyumba zetu.

"Mwanangu, mwache apite," nikasema. "Haruhusiwi kusema mpaka afike kwake. Ndiyo desturi."

"Bibi, wewe umeandikwa msindikizaji. Aliyetia dole ni yeye." Hakusema kwa ukali. "Mama, umebeba nini mgongoni?"

Nyamizi akakaza mikono nyuma.

"Asteria," akasema yule askari wa muwa, "waache tu. Ni wale wa msiba."

"Sikatai ni wa msiba. Lakini hapa kimeandikwa kifaa, na kifaa kikitoka kinaonekana. Wangeandika mtoto, mtoto tunamtazama usoni tu, tunampitisha." Akashusha pumzi. "Wiki iliyopita mtu amepitisha kakakuona kwenye begi la gitaa. Mkurugenzi alinifokea mbele ya watu. Na mimi nina watoto, bibi."

Nikamwambia, "Kama una watoto, mshike huyu mgongoni tu, umsikie."

Akapeleka mkono. Nilimwona, aliupeleka mkono mpaka karibu na ile kaniki, ukasimama hewani. Kisha akautazama muhuri wa kibali, akaurudisha mkono akaufikisha kifuani kwa Nyamizi, kwenye fundo.

"Samahani sana, mama," akasema. Na akafungua.

Nyamizi alitoa sauti. Sitaweza kuiandika, shule niliyosoma haikufika herufi hizo. Alishika pindo moja, Koplo ameshika lingine, wakavutana kidogo, halafu Nyamizi akaachia, kama unavyoachia nguo ukiogopa itachanika na mtoto yumo.

Koplo Asteria aliikung'uta. Aliikung'uta upande wa ndani wa kizuizi, maana kanuni inasema mabaki yasitoke nje. Aliikung'uta vizuri, mara mbili tatu, paa, paa, kwa mkono wa mwanamke anayejua kukung'uta nguo. Likatoka jani moja la nyasi na vumbi kidogo.

"Hakuna kitu," akasema. Akaikunja, pindo kwa pindo, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Akaandika: kifaa hakikuonekana. Akagonga muhuri. Kizuizi kikapanda.

"Piteni, mama zangu."

Hatukupita. Nyamizi aligeuka nyuma, sasa ilikuwa ruhusa kugeuka, akasema, "Nirudi nimchukue. Yuko hapo tu, miguuni pako."

"Kibali ni cha kwenda mara moja," akasema Koplo Asteria. "Mkipita sasa kimekwisha. Mkikaa ndani mmezidisha muda. Tafadhali, mama. Tafadhali."

Askari wa muwa akatushika mabega, taratibu, akatutoa. Kizuizi kikashuka nyuma yetu.

Mvua ilianza kabla sijafika nyumbani. Nilifika peke yangu.

*

Nyamizi yuko pale mpaka leo, nje ya geti, upande wa barabara. Amekaa kwenye mkeka, mbeleko ameitandaza mbele yake mpaka inagusa nguzo ya kizuizi. Nampelekea chakula. Mwanzoni Mamlaka ilikaa kikao kujadili kama kukaa kwake ni tukio. Kalokola, Mungu ambariki, akamtafutia nafasi: ameandikwa kwenye Makaribisho, kati ya bendera na maua, na kwa hiyo hakuna anayeweza kumwondoa. Koplo Asteria aliomba uhamisho.

Siku moja nilimwambia, "Nyamizi, si umwite tu apite chini ya hilo gogo? Wewe mwenyewe umesema yuko hapo."

"Hapiti," akasema. "Namjua mwanangu. Pamefungwa, hapiti."

Kwa hiyo anasubiri magari. Yakija ya wageni, kamba inavutwa, gogo linapanda, na Nyamizi anainuka upesi kwa magoti yake mabovu, anafungua mikono juu ya ile kaniki, anaita, "Sasa, Lugendo! Pita, baba, wamefungua! Pita!" Wageni wanadhani ni wao wanaokaribishwa. Wanampungia mikono kutoka madirishani, wengine wanampiga picha.

Halafu gari likishapita kizuizi kinashuka. Kinashuka haraka, na Lugendo hakuwahi kuwa mtu wa haraka.